Mwaka wa Gurudumu la Kassim

Habari za kifo cha Fundi Nandonde zilinikuta Chanika, mkono mmoja umezama ndani ya pampu ya kisima cha mtu na mwingine umeshika simu. Aliyepiga ni mkewe, Mama Anjela. Hakulia. Alisema, "Mwanaidi, baba yako ametutoka. Tunazika keshokutwa. Njoo mapema, kuna vyombo vya kuosha." Kisha akakata. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwenye kisima akaniuliza kama pampu imeungua. Nikamwambia haijaungua. Nimevuka arobaini sasa na nimefanya kazi nyingi za mikono, lakini kwa Fundi Nandonde, pale Kimara, nilifanya mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitano na cheti cha ufundi nilichokuwa nikikibeba kwenye bahasha kama hati ya kiwanja. Kila ninapoulizwa nilijifunzia wapi kazi, hutaja chuo. Yeye huwa simtaji, na sababu ya kutomtaja ndiyo ninayotaka kuiandika hapa, kwa kuwa nimechoka kuibeba.

Karakana yake ilikuwa kontena bovu lililokatwa dirisha upande wa barabarani, na nyuma yake vyumba viwili alimoishi na mkewe. Ndani mlinuka mpira, sabuni na kisamvu, kwa sababu jiko la Mama Anjela lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye benchi letu. Fundi alikuwa mtu wa kusini, ukoo wa wachonga mpingo, naye alichonga mpaka wanunuzi walipopotea. Kisha akahamia kwenye baiskeli na vidole vyake vilevile. Palikuwa na vijana wa mjini waliojinunulia baiskeli za milimani, mitumba ya Ulaya yenye matairi mapana, wakizipanda kila Jumamosi kwenye vilima vya Pugu na njia za kule Kisarawe. Mafundi wengine waliyaogopa matairi yale kwa sababu hayana tyubu. Ukingo wa tairi lenyewe ndio unaobana kwenye rimu, matundu ya spoku yanazibwa kwa mkanda unaozungushwa ndani ya rimu, halafu yanamiminwa maji mazito meupe, sisi tukiyaita maziwa, ambayo huziba tundu la mwiba kabla mwendeshaji hajajua kachomwa. Tairi la namna hiyo likiharibika halipasuki. Linavuja kidogokidogo, jioni gumu, asubuhi embe lililopitiliza, na wewe huoni tundu popote. Kila mteja aliyejiona mchekeshaji alitukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi alikuwa akimjibu, "Basi nionyeshe huo ufa uko wapi, nikupe kazi."

Namna yake ya kuutafuta sijaiona kwa mtu mwingine. Alianza kwa kulitikisa gurudumu sikioni, asikie kama maziwa bado yanacheza ndani au yamekauka kwa joto letu hili. Kisha alilisogeza usoni na kulizungusha taratibu, mdomo wa juu ukikaribia kugusa mpira, kwa sababu alisema ngozi ya pale huhisi pumzi ambayo vidole haviwezi kuihisi. Baada ya hapo ndipo zilipokuja sponji na maji ya sabuni, na beseni kubwa la bluu la Mama Anjela, ambalo kila wiki aliapa kutunyang'anya. Palipotoka povu alizungushia chaki. Mimi nilikuwa na haraka. Povu likitoka nilitaka kuziba. Siku moja nilikaza valvu ya gurudumu fulani mara tatu, kwa kuwa povu lilitoka pale, na mara tatu likalegea. Akalifungua tairi akanionyesha mkanda umechanika mbali kabisa na valvu. Hewa ilikuwa inaingia pale, inatembea ndani ya uwazi wa rimu, inatokea kwenye valvu. "Povu linakuonyesha mlango aliotokea mwizi," alisema. "Alipoingilia halikuambii." Nilicheka nikadhani nimeelewa.

Juu ya yote hayo kulikuwa na sheria moja. Gurudumu lililozibwa halitoki siku hiyohiyo, hata mwenyewe awe mkuu wa mkoa. Linajazwa jioni, linatundikwa kwenye msumari, linalala. Asubuhi mimi ndiye niliyefungua kontena, kwa hiyo mimi ndiye niliyelibonyeza kwanza. Fundi alikuja baadaye na kikombe chake cha chai, na baada ya mimi kumwamkia shikamoo naye kuitikia marahaba, aliuliza akielekeza kidevu kwenye msumari: "Limeamkaje?" Nami nilijibu limeamka salama, au limeamka limelegea. Hakulibonyeza tena. Alichukua neno langu akaenda kulimaliza na mwenye baiskeli. Gurudumu likiamka limelegea mara ya tatu, sheria ilikuwa kuliwekea tyubu na kumwambia mteja ukweli kwamba tumeshindwa. Katika mwaka wangu hilo lilitokea mara mbili, mara zote mikononi mwangu, na mara zote nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni.

Mchana tulikula pamoja, sinia moja, kwenye kile chumba cha mbele. Kulikuwa na kabati la vyombo, picha ya harusi ambayo bwana harusi amefumba macho, na dirisha lililotazama ukuta. Tulikula ugali na kisamvu, au dagaa wa nazi, na ndugu zao wa kusini walipotuma mzigo kwa basi tulikula ming'oko ya kuchemsha, ambayo mimi mtu wa Temeke sikuwahi kuiona na Mama Anjela alifurahia kunifundisha kuimenya. "Mzaramo anakula mizizi leo," alinitania. "Kwenu wakijua watakuchinjia mbuzi wa kukutakasa." Niliwapenda watu wale. Nataka liandikwe hilo, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine. Na ukuta wa mabati kati ya karakana na chumba ulikuwa mwembamba, ukikaa kwenye benchi unasikia kijiko kikigonga kikombe. Ndivyo nilivyosikia, mchana mmoja walipodhani nimekwenda dukani, Fundi akimwambia mkewe kwamba mwezi ujao atakwenda kwao kusimika msalaba kwenye kaburi la mama yake, na atakaa huko majuma matatu.

"Na karakana?" aliuliza Mama Anjela.

"Nataka nimwachie binti ufunguo."

"Ataweza?"

"Mikono anayo. Ishu yake hapendi kushindwa. Lakini nimempa lile gurudumu la Kassim alimalize mwenyewe. Akilimaliza, nampa."

Niliinuka pale bila kugusa chochote, nikatoka nje, nikarudi kwa kelele. Hakuna aliyewahi kuniachia ufunguo wa kitu. Kwa siku zilizofuata sikuwaza jambo jingine.

Kassim alikuwa kijana wa Kipawa, akiuza dawa kwenye duka moja la huko, mwembamba, mcheshi, mwenye tabia ya kusimulia njia aliyopita kwa kuichora mezani kwa kidole kilicholowa. Gurudumu lake la mbele lilikuwa likivuja polepole mno, hata asubuhi moja ungeweza kubisha kwamba halivuji. Nilianza Jumanne. Povu lilitoka kwenye valvu, nikabadilisha mpira wa valvu. Jumatano likaamka limelegea. Nikakumbuka mwizi na mlango, nikafungua tairi, nikaona mkanda umeinuka ukingoni kwenye tundu moja la spoku. Kazi sahihi ilikuwa kuubandua wote, kuikwangua rimu, kuipangusa kwa spiriti mpaka ikauke, na kuzungusha mkanda mpya mara mbili ukiuvuta. Mkanda mpya ulikuwa umekwisha dukani, na Fundi alikuwa ameshasema mwingine utakuja wiki ijayo. Wiki ijayo kwangu ilikuwa mbali. Nilikata kipande cha selotepu ya kufungia maboksi, nikakibandika juu ya pale palipoinuka, juu ya mabaki ya maziwa yaliyokauka, nikafunika tairi. Alhamisi likaamka limelegea, kidogo kuliko jana. Fundi aliuliza, nikajibu ukweli, akatikisa kichwa. "Bado moja," alisema. Nikalikandamiza upya, nikaongeza maziwa, nikalizungusha, nikalilaza upande huu na upande ule ili maziwa yafike kila pembe. Jioni nilipolitundika lilikuwa gumu kama kisigino.

Ijumaa asubuhi nilifungua kontena, nikaliendea kabla sijavua mkoba. Kidole gumba kilizama. Halikulegea kabisa, lakini kilizama, na mtu yeyote aliyefanya kazi ile wiki mbili angejua. Nilisimama pale nikisikia Mama Anjela akikoroga uji nyuma ya bati. Kisha nikachukua pampu, nikaisukuma mara ishirini hivi, polepole, nikisindikiza kila msukumo kwa kikohozi ili isisikike. Fundi akaingia na kikombe chake. Nikamwamkia. Akaelekeza kidevu kwenye msumari.

"Limeamkaje?"

"Limeamka salama, Fundi."

Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake, akanywa chai. Mchana, kwenye sinia, aliweka ufunguo kando ya bakuli la mboga bila hotuba yoyote. Mama Anjela alipiga kigelegele kifupi akijicheka. Nilikula, na chakula kilishuka vizuri. Ningependa kusema kilinikwama kooni, lakini ningekuwa nadanganya tena. Kabla Kassim hajaja jioni nililijaza mara nyingine.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi simu yangu iliita. Ilikuwa Kassim, yuko na wenzake, karibu waondoke.

"Sista, samahani kukuamsha. Hili tairi la mbele nahisi kama limepungua. Au mie ndo mwoga?"

Ningeweza kusema, Kassim, usiende nalo. Maneno matatu. Nilisema, "Tyubulesi zinapunguaga kidogo, ni kawaida. Jaza tu, utakuwa poa."

"Nibebe tyubu ya akiba?"

"Ya nini?"

Akacheka, akashukuru, akaniombea siku njema. Mpaka leo nasikia ule upepo nyuma ya sauti yake na mtu akimhimiza, twende bwana, jua linatoka. Yaliyotokea niliyasikia kwa wenzake. Walikuwa wanateremka kilima, yeye mbele. Kwenye kona tairi likiwa limekwisha kulainika liling'oka kwenye rimu, gurudumu likateleza, na Kassim akarushwa bondeni kwenye mawe ya machimbo ya zamani. Walimbeba kwa miguu mpaka barabarani. Nyonga ilivunjika vibaya, na mfupa wa paja. Alilazwa miezi, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na mguu haukurudi kuwa mguu. Nilikwenda kumwona mara moja, nimebeba machungwa. Alinishukuru kwa machungwa.

Siku chache baada ya ajali alikuja kaka yake Kassim na wale wenzake wawili, wakaiweka baiskeli mlangoni kwa Fundi. Hawakuja kwa ugomvi. Kaka mtu alikuwa amevaa kanzu, ametoka msikitini, akamwamkia Fundi kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, sie hatutaki chochote. Tunataka tu kujua, hili gurudumu mlilitengeneza au hamkulitengeneza?" Fundi alinigeukia mbele yao.

"Mwanaidi. Gurudumu hili liliamkaje siku ile?"

Sitasahau jinsi alivyouliza. Hakukuwa na ukali. Aliuliza kwa sauti ileile ya kila asubuhi, kikombe tu ndicho kilichokosekana. Nikatazama chini, kwenye beseni la bluu.

"Salama."

Halafu Fundi akawaambia, "Binti amejibu alichojibu. Lakini karakana ni yangu na sheria za humu ni zangu. Kosa ni langu. Mwambieni Kassim, mie Nandonde ndiye niliyekosea." Kaka mtu akaitikia kwa kichwa, wakaondoka, baiskeli wakaiacha palepale mlangoni. Habari ikaenea kwa waendesha baiskeli wote wa mjini: mzee wa Kimara kazeeka, macho hayaoni. Hakuna gurudumu lisilo na tyubu lililoletwa tena kwenye kontena lile. Akabaki na pancha za wauza maji na mikokoteni. Safari ya kusini aliiahirisha, na msalaba wa mama yake sijui kama aliwahi kuusimika. Mwaka haujaisha nikaaga, nikasema nimepata kazi ya pampu. Niliuacha ufunguo mezani, yeye hakuwepo.

Watanishangaa wanaosoma, lakini niliendelea kuwatembelea. Kila Pasaka yao nilipeleka mkate wa kumimina, tukala, tukasemezana juu ya mvua. Na kila mara, hata nikifika saa tisa alasiri, Fundi alinisalimu, "Umeamkaje, mwanangu?" Nami nilijibu salama. Nilidhani ni uzee.

Siku ya mazishi nilifika mapema kama nilivyoagizwa. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume kwenye viti vya plastiki, sisi wanawake kwenye mikeka na masufuria. Kwaya ya kanisani kwao ilikuwa ikijaribu sauti. Karibu na saa nne bajaji ikasimama, akashuka mtu mnene kidogo, ndevu zina mvi, fimbo mkononi. Nilimjua kwa namna alivyoinua kichwa kutafuta watu wa kuwatania. Kassim alinikumbatia kwa mkono mmoja. "Sista Mwanaidi. Umezeeka kama mie tu." Nikamshika, akaniegemea uzito wake wote bila haya, nikamteremsha kwenye kiti polepole kwa sababu nyonga haikunji. Akafuta jasho. Akasema alisikia habari dukani akaona hawezi kukaa.

"Unajua, nilimchukia yule mzee miaka," alisema. "Nilikuwaga naomba dua mbaya, Mungu anisamehe. Baadaye nikachoka. Kila mtu anakosea. Nikasema, akifa nitakwenda kumzika, nimwambie mkewe nimemsamehe. Utanisaidia kumwambia?"

Nikasema nitamsaidia. Nikasema naenda kwanza kuleta maji.

Mama Anjela alinituma kontenani kuchukua sufuria kubwa. Sikuwa nimeingia mle tangu niondoke. Lilikuwa stoo, magunia na viti vibovu, lakini msumari ulikuwa palepale na gurudumu la Kassim limetundikwa, vumbi limelifunika. Upande mmoja wa tairi ulikuwa umebanduliwa. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya rimu kulikuwa na kipande changu cha selotepu kimekunjamana, kimegeuka rangi ya chai, na kukizunguka kulikuwa na duara la chaki.

"Alilifungua jioni ileile walipoondoka wale watu, akalificha chumbani kwetu mpaka ulipoaga," Mama Anjela alisema nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni na kitenge cha msiba.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema utamwambia wewe. Kila ulipokuja na mkate wako, ukishaondoka ananiuliza, amekwambia kitu? Namwambia hajasema. Anasema, basi mwakani." Alinyoosha mkono akalifuta vumbi gurudumu kwa upindo wa kitenge. "Juzi hospitali pia aliniuliza. Nichukulie hilo sufuria, wali hautaiva wenyewe."

Nililia pale kwa aibu, kilio cha mtoto aliyekamatwa. Sikumlilia yeye bado. Huko nilifika baadaye. Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu, lakini kilichonifichua mimi kilikuwa kilio cha mtu mwingine, mtu aliyebeba maradhi yangu kaburini na jina lake limechafuka. Nikampelekea Mama Anjela sufuria. Kisha nikarudi kwa Kassim bila maji niliyoahidi, nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Kassim, usimwambie mama kwamba umemsamehe."

"Kwa nini?"

"Hakukosea. Siku ile aliniuliza limeamkaje, nikamwambia salama. Lilikuwa limeamka limelegea. Nililijaza kabla hajaingia. Na uliponipigia asubuhi ya Jumamosi nilikuwa najua."

Kwaya ilikuwa imeanza. Kassim alinitazama, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri nimalize utani. Aliuliza jambo moja tu.

"Lilikuwa limelegea kiasi gani?"

Nikachukua kidole gumba changu, nikakibonyeza kwenye mkono wangu, kwenye nyama chini ya kiwiko, nikamwonyesha. Alikitazama kidole kilivyozama. Wakati ule walianza kulitoa jeneza ndani na watu wote wakasimama. Nikainuka, nikamnyooshea mkono kama nilivyomshika wakati anakaa. Hakuushika. Alipachika fimbo kati ya magoti, akakaza mikono miwili juu yake, akajaribu, akarudi kitini, akajaribu tena. Jeneza la Fundi lilipita mbele yetu na Kassim alikuwa bado anainuka, peke yake, na mkono wangu bado uko hewani.